Kujenga DAC ya daraja la juu: kuanzia hesabu ya kelele hadi kipimo cha mwisho

Ukimwambia mtu unajenga DAC, kifaa kinachogeuza namba za sauti ya dijitali kuwa umeme wa sauti, swali lake la kwanza ni lilelile: umeweka chipu gani? Ni swali la haki, lakini chipu ndiyo sehemu iliyokwisha kumalizwa na watu wengine kiwandani. Mikononi mwako hubaki vitu vitatu vinavyoizunguka: saa inayoipigia mdundo, umeme unaoilisha, na saketi inayoupokea mkondo wake na kuugeuza kuwa volteji. Nimesikia mashine yenye chipu ya heshima kubwa ikizidiwa na simu ya mkononi kwa sababu transfoma ilikaa kando ya waya wa sauti. Kwa hiyo mwongozo huu utaipita chipu kwa aya chache tu, na muda mwingi utautumia kwenye hivyo vitatu.

Tunachojenga ni DAC ya stereo yenye mlango wa USB, inayopokea sauti hadi sampuli 192,000 kwa sekunde, yenye toleo (umeme wa sauti unaotoka) la 2 V rms, yaani volteji fanisi ya wimbi, kwa amplifaya ya kawaida ya nyumbani. Unahitaji kuwa umezoea kulehemu chipu ndogo za kubandikwa juu ya bodi, na uwe umewahi kushughulika na umeme wa ukutani kwa adabu inayostahili.

Bajeti ya kelele, bajeti ya muda

Kabla ya kununua hata rezista moja, kaa na karatasi na kalamu. Kilele cha sauti yetu ni 2 V rms. Lengo letu ni 120 dB kati ya kilele hicho na kelele. Desibeli 120 maana yake ni mara milioni moja, kwa hiyo kelele yote, kutoka kila upande, isizidi 2 µV ndani ya masafa ya sikio, 20 Hz hadi 20 kHz. Gawanya 2 µV kwa kipeuo cha pili cha 20,000, ambacho ni 141, unapata 14 nV kwa kila √Hz. Hiyo namba 14 iandike kwa herufi kubwa juu ya meza, kwa sababu kila uamuzi wa upande wa analogi utapimwa nayo.

Rezista yoyote ina kelele ya joto lake, hata ikiwa imelala kwenye pakiti. Ya 1 kΩ ina karibu 4 nV kwa √Hz. Ya 10 kΩ ina karibu 13. Kelele zisizohusiana hujumlishwa kwa miraba yake kisha unatafuta kipeuo, na ukifanya hivyo utaona kwamba rezista moja tu ya 10 kΩ ikikaa katika njia ya sauti imekwisha kula bajeti karibu yote. Ndiyo sababu saketi za daraja hili zimejaa rezista za 270, 560 na 750 Ω, ingawa rezista ndogo humchosha opampu, chipu ndogo ya kukuza ishara, kwa kumdai mkondo mwingi.

Bajeti ya pili ni ya muda. DAC hutoa sampuli kwa zamu, na sampuli sahihi ikitoka kwa wakati usio sahihi ni kosa sawa na sampuli yenye namba mbaya. Myumbo huo wa saa mafundi wanauita jita. Kelele inayoletwa na jita, ukilinganisha na toni yenyewe, ni 2π mara masafa ya toni mara kosa la muda. Kwa toni ya 20 kHz, ukitaka kubaki chini ya 120 dB, kosa lisizidi pikosekunde 8. Kwa biti 16 za CD, ambazo mwisho wake ni 98 dB, unaruhusiwa karibu pikosekunde 100. Kusema kweli hakuna muziki wenye toni ya 20 kHz iliyojaa hadi kilele, kwa hiyo hesabu hii ni kali kuliko uhalisi. Mimi naitumia hivyohivyo, kwa sababu osileta (kipande kinachopiga mdundo wa saa) nzuri ya kuifikia inapatikana na haigharimu utajiri.

Neno moja kuhusu biti. Biti 24 kwa nadharia ni 146 dB, na hatua moja ya biti ya mwisho kwenye 2 V rms ni kama 0.34 µV. Hakuna kifaa cha kusikilizia kinachofika huko. Tangazo la biti 32 linazungumzia namba zinazoingia kwenye chipu, halizungumzii sauti inayotoka.

Chipu

Ninatumia PCM1794A ya Texas Instruments, chipu ya ukoo wa Burr-Brown, kampuni ambayo Texas Instruments iliinunua mwaka 2000. Zipo zenye namba kubwa kuliko hiyo: ES9038PRO ya ESS na AK4499 ya AKM zote zinatajwa kufika 140 dB zikiunganishwa kwa mono. Lakini PCM1794A haihitaji programu yoyote. Mpangilio wake wote hufanywa kwa kuunganisha miguu kwenye ardhi (sifuri ya saketi) au kwenye 3.3 V, na kwa mtu anayejenga kifaa chake cha kwanza cha daraja hili, kuondoa programu ni kuondoa nusu ya maswali usiku wa kwanza. Karatasi yake ya maelezo inaahidi 127 dB kwa toleo la 2 V na upotoshaji wa asilimia 0.0004.

Ndani yake kuna ufundi unaofaa kueleweka. Chujio la dijitali huongeza sampuli mara nane, kisha kila namba hukatwa vipande viwili. Biti 6 za juu huendesha vyanzo vya mkondo vilivyo sawa, na biti 18 za chini hupitia kirekebishi cha delta-sigma cha daraja la tatu chenye ngazi tano. Vyanzo hivyo haviwezi kulingana kabisa, kwa hiyo chipu huvizungusha zamu ili kosa la kimoja lisikae mahali pamoja na kugeuka kuwa hamoniki, toni za ziada zisizokuwa kwenye muziki. Linatawanyika na kuwa kelele kidogo isiyo na sura. Linganisha na ngazi ya rezista ya mtindo wa R-2R, ambayo baadhi ya watu huijenga kwa mikono: ili biti 16 ziwe za kweli, rezista ya biti ya juu inapaswa kuwa sahihi hadi karibu asilimia 0.0015. Rezista za asilimia 0.01, ambazo tayari ni ghali, zinakufikisha karibu biti 13. Navutiwa na sauti ya mashine hizo na sina ugomvi na wanaozipenda, ila usianze nazo.

Nunua chipu kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda. Bandia zimejaa, na ziliongezeka wakati wa upungufu uliofuata moto wa Oktoba 2020 katika kiwanda cha AKM huko Nobeoka, Japani. Moto huo ulizilazimisha kampuni nyingi za vifaa vya sauti kuchora bodi zao upya kwa chipu nyingine. Mimi tangu hapo naangalia upatikanaji wa kila sehemu kabla ya kuanza kuchora, hata rilei.

Saa ikae wapi

Hapa ndipo DAC nyingi za kujengwa nyumbani hupotea. Ziko familia mbili za sampuli: ya 44.1 kHz na ya 48 kHz. Haziendani, kwa hiyo unahitaji osileta mbili, ya 22.5792 MHz na ya 24.576 MHz, ambazo ni mara 512 ya 44.1 na ya 48. Hizo zinafika hadi 176.4 na 192 kHz zikiwa mara 128, na PCM1794A inaukubali uwiano huo. CCHD-957 ya Crystek na NZ2520SD ya NDK zimetumika sana kwa kazi hii. Unapolinganisha osileta, tazama kelele ya awamu (myumbo wa saa ukipimwa kwa masafa) karibu na mdundo wenyewe, kwenye 10 Hz na 100 Hz. Muuzaji asiyeichapisha, mwache. Usihadaike na usahihi wa masafa kwa sehemu kwa milioni: saa inayokimbia kidogo lakini kwa utulivu haina madhara kwa sikio, ila inayoyumba inayo.

Osileta ikae sentimita chache kutoka kwenye chipu ya DAC, juu ya ardhi ileile, ikilishwa na regulata (kituliza volteji) yake peke yake. Kutoka hapo mdundo uende njia mbili: moja fupi kwenye mguu wa SCK wa chipu, yaani mlango wake wa saa, nyingine irudi nyuma hadi kwenye moduli ya USB ili moduli ifuate saa ya DAC. Watu hufanya kinyume, wakaacha osileta kwenye moduli ya USB na kuuleta mdundo kwa waya mrefu. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, na grafu yake ilikuwa na miiba pande zote za toni ambayo sikuielewa hadi nilipoihamisha saa.

Weka rezista ya 33 Ω kwenye chanzo cha kila mstari wa saa ili mwangwi wa umeme usirudi na kuchafua kingo za mdundo. Na usiziache osileta zote mbili zikipiga pamoja. Tumia mguu wa kuwezesha kuzima ile isiyohusika. Moduli ya USB hutoa ishara inayosema wimbo huu ni wa familia gani.

Mlango wa USB

Hakikisha moduli inafanya kazi kwa mtindo asinkroni: kompyuta inaambiwa na DAC ilete data kwa kasi gani. Moduli zenye chipu za XMOS na bodi ya Amanero zinafanya hivyo na hutoa I2S, lugha iliyobuniwa na Philips katika miaka ya 1980 kwa ajili ya chipu za sauti kuzungumza zenyewe kwa zenyewe.

Kati ya moduli na DAC weka kitenganishi cha dijitali. Anayesikiliza kwa laptopu anaujua mvumo unaoanza pale chaja inapochomekwa. Kitenganishi kinaikata njia yake, kwa kuwa ardhi ya kompyuta haigusi tena ardhi ya sauti. Kwa kulipia faida hiyo, kitenganishi huongeza jita ya mamia ya pikosekunde, na bajeti yetu ni 8. Ndiyo maana SCK haipiti humo kamwe kuja kwenye chipu. Inapita ile ya kurudi kwenye moduli tu. Mistari mitatu ya data inayokuja ipitishe kwanza kwenye flip-flopu ya aina ya D inayopigwa na osileta ya upande safi, kwa mfano za familia ya 74LVC, ili kila ukingo upangwe upya kabla ya kuingia kwenye chipu.

S/PDIF, njia ya zamani ya kuleta sauti ya dijitali kwa waya mmoja, naiacha nje. Inaongezeka baadaye kwa chipu ya kupokea kama DIR9001, lakini hapo saa huchimbwa kutoka kwenye waya, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Umeme

Watu hudhani regulata huondoa mvumo tu. Kwenye DAC ya mkondo, volteji ya 5 V inayolisha upande wa analogi wa chipu inahusika moja kwa moja na ukubwa wa sauti, kwa hiyo kelele ya umeme huo inaweza kuingia ndani ya muziki wenyewe na hutaiona wakati kifaa kiko kimya. Regulata ya kawaida ya 7805 ina kelele ya kama 40 µV. Ukilinganisha na 5 V hiyo ni 102 dB tu. LT3045 ina 0.8 µV, ambayo ni karibu 136 dB. Hapo ndipo fedha yako iende kabla ya kwenda kwenye kapasita za dhahabu. LT3045 hupangwa kwa rezista moja, kwa kuwa mguu wake wa SET hutoa 100 µA: 49.9 kΩ inakupa 4.99 V, na 33.2 kΩ inakupa 3.32 V. Kwenye mguu huo weka kapasita ya 4.7 µF. Dada yake wa upande hasi ni LT3094.

Ziwe nne kwa uchache upande wa chanya: moja kwa 5 V ya analogi ya chipu, moja kwa 3.3 V ya dijitali, moja kwa osileta, moja kwa +12 V ya opampu. Ya hasi ni moja, −12 V.

Sasa tahadhari ambayo michoro mingi haiitaji. LT3045 haipendi zaidi ya 20 V kwenye mlango wake. Umeme wa ukutani Tanzania ni 230 V na Kenya 240 V, lakini anayeishi nao anajua unavyopanda usiku na kushuka jioni. Transfoma ndogo isiyobebeshwa mzigo hutoa volteji ya juu kuliko iliyoandikwa. Hata ya 15 V inaweza kukuvusha mpaka huo. Kwa hiyo weka ulinzi wa ngazi mbili. Chukua transfoma ya 18-0-18 V kwa upande wa opampu. Baada ya daraja la diodi na kapasita za 50 V utakuwa na kama 24 V, na usiku mbaya zaidi ya 30. Regulata za kawaida za LM317 na LM337 zishushe hadi 15 V, kisha LT3045 na LT3094 zimalizie 12. LM317 huvumilia mpishano wa hadi 40 V kati ya mlango na toleo, na umeme ukishuka kwa asilimia 20 bado ina nafasi ya kufanya kazi. Kwa upande wa chipu na saa tumia koili nyingine ya 9 V, LM317 iliyopangwa 7 V, kisha zile LT3045 tatu. Pima joto la LM317 kwa mkono kifaa kikiwa kimefungwa. Katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari hewa ya ndani ya kasha tayari ina moto wake, kwa hiyo zifunge kwenye ukuta wa kasha.

Waya wa laini upite kwenye fyuzi kwanza, kabla ya swichi. Kasha la chuma liunganishwe na eathi ya ukutani kwa boliti yake yenyewe. Kisha ihakikishe hiyo eathi, kwa sababu nyumba nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi lisilounganishwa na kitu chochote ukutani. Fundi umeme mwenye kipimo cha eathi humaliza suala hilo kwa dakika chache.

Kutoka mkondo kwenda volteji

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha mashine na mashine. PCM1794A haitoi volteji. Kila chaneli ina miguu miwili inayotoa mkondo kwa kupishana: mmoja unapopanda, mwenzake hushuka. Mkondo huo unacheza kwa 7.8 mA kutoka kilele hadi kilele, ukizunguka 6.2 mA ya katikati ambayo haiondoki hata kukiwa kimya.

Kila mguu unaingia kwenye opampu yenye rezista ya mrejesho ya 750 Ω. Zidisha: 7.8 mA mara 750 Ω ni 5.85 V kilele hadi kilele, yaani 2.07 V rms. Ile 6.2 mA ya katikati inaisukuma opampu hadi 4.65 V mbali na sifuri, na kwenye kilele cha mkondo, 10.1 mA, inafika karibu 7.6 V. Ndiyo sababu tumeweka ±12 V. Mwenye kulisha opampu zake ±5 V hapa atakata mawimbi na kulaumu chipu.

Sambamba na rezista hiyo weka kapasita ya 2,200 pF. Inazima masafa kuanzia 97 kHz, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Mkondo wa DAC huja kwa ngazi kali, mamilioni kwa sekunde, na opampu haiwezi kujibu haraka hivyo. Kapasita humeza mishtuko hiyo wakati opampu inajipanga. Ikiwa ya aina mbaya, inaongeza upotoshaji palepale inapopaswa kuuzuia: lazima iwe ya seramiki ya aina ya C0G, na seramiki ya X7R isiguse njia ya sauti hata mara moja, kwani ujazo wake hubadilika kadiri volteji inavyobadilika. Rezista ziwe za utando mwembamba, asilimia 0.1. Zile za utando mnene zinazokuja kwenye pakiti za bei rahisi zina kelele ya ziada mkondo unapopita.

Kisha pande mbili zinakutana kwenye opampu ya kutoa tofauti, yenye 560 Ω kwenye mlango na 270 Ω kwenye mrejesho. Uwiano ni 0.48. Tofauti ya pande mbili ni 4.14 V rms, mara 0.48 ni 2.0 V rms, ndicho tulichotaka. Zile 4.65 V za katikati zipo pande zote mbili kwa usawa, kwa hiyo zinafutana. Lakini kufutana huko kunategemea rezista kulingana. Kwa asilimia 0.1, mabaki ya volteji mfu ni milivolti chache, na hali mbaya kabisa hufika kama 10. Kwa asilimia 1 yanaweza kuwa makumi ya milivolti, na utalazimika kuweka kapasita kubwa kwenye toleo kuyazuia. Rezista nzuri ni rahisi kuliko kapasita nzuri.

Opampu gani? OPA1612 ina 1.1 nV kwa √Hz na imetulia kwa kazi hii. NE5534 ya zamani bado inaheshimika na ndiyo iliyochorwa kwenye karatasi ya chipu, ila hapa inahitaji kapasita ya 22 pF kati ya mguu wa 5 na wa 8, la sivyo itatetemeka yenyewe. Nimefanya hesabu ya kelele ya saketi nzima kwa OPA1612: rezista zote na opampu tatu za chaneli moja hutoa karibu 4.7 nV, ambayo ni kama 0.7 µV kwenye toleo. Chipu yenyewe kwa 127 dB ni 0.9 µV. Ukijumlisha kwa miraba unapata 1.1 µV, na bajeti ilikuwa 2. Nafasi iliyobaki ni ya umeme, waya na makosa madogo.

Kwenye toleo weka rezista ya 100 Ω ili waya mrefu usiisumbue opampu, na rilei (swichi ya sumaku) inayofunga toleo kwenye ardhi sekunde chache za kuwasha na mara tu umeme unapokatika. Anayeishi na umeme wa kukatika ataishukuru rilei hiyo kila wiki.

Bodi

Chora tabaka nne. Tabaka la pili liwe ardhi tupu, bila kukatwa, chini ya kila kitu. Michoro ya zamani huigawa ardhi mara mbili, ya dijitali na ya analogi, zikakutana kwa daraja jembamba. Mistari ya I2S inayovuka pengo hilo hukosa njia ya kurudisha mkondo chini yake na hugeuka antena. Badala ya kukata ardhi, panga mitaa: umeme pembeni, kitenganishi na saa upande mmoja, chipu katikati, opampu upande wa pili, matoleo ukingoni. Mkondo wa kurudi hufuata chini ya mstari wake ukiupa nafasi.

Kapasita ndogo za 100 nF ziguse miguu ya umeme ya chipu kwa milimita mbili au tatu. Njia kutoka mguu wa mkondo hadi opampu iwe fupi kuliko zote kwenye bodi, kwa sababu hapo kila kitu kinachoegemea kinaingia kwenye sauti. Transfoma iwe mbali na opampu. Ikiwa ni ya mviringo, usiikaze kwanza, kwani baadaye utaizungusha.

Kuwasha mara ya kwanza

Usilehemu kila kitu kwa siku moja. Anza na umeme peke yake, weka rezista za mzigo, pima kila volteji. Kisha osileta, tazama mdundo kwa osiloskopu. Kisha chipu. Opampu mwisho.

Ukiwa na kimya, pima matoleo manne ya opampu za kwanza: yote yawe karibu 4.65 V kutoka sifuri, kwa upande mmoja. Moja ikiwa tofauti sana, kuna mguu usioshika lehemu au rezista isiyo yake. Toleo la mwisho liwe chini ya 10 mV. Opampu ikiwa ya moto kuliko wenzake, tafuta mtetemo wa megahertz kwa osiloskopu kabla ya kwenda mbele. Hadi hapo hakuna waya unaoruhusiwa kugusa amplifaya.

Kupima

Programu ya kompyuta ya kupimia sauti iitwayo REW ni ya bure na inatosha. Shida ni kifaa cha kurekodi, kwani kadi ya sauti mara nyingi ina upotoshaji mwingi kuliko DAC unayoipima. Rudisha kwanza toleo la kadi kwenye mlango wake uone mipaka yake. Ukitaka kwenda chini zaidi, jenga chujio la kuondoa 1 kHz na uliweke mbele ya kadi, ili ibaki na mabaki tu ya kupima.

Cheza toni ya 1 kHz na usome mistari ya chini. Mstari wa 50 Hz na 150 Hz ni sumaku ya transfoma: izungushe taratibu huku ukiangalia skrini, utafika pembe ambapo mistari inazama, hapo ndipo uikaze. Mstari wa 100 Hz unatoka kwenye diodi na kapasita za kuchuja, kwa hiyo tazama njia ya ardhi ya kapasita hizo. Miiba ya 2 kHz na 3 kHz ni upotoshaji. Ukipunguza sauti kwa 3 dB na ikaanguka ghafla, opampu ilikuwa inagonga ukuta wa volteji.

Kwa saa, tumia ishara ya J-Test iliyobuniwa na Julian Dunn: toni ya 11,025 Hz pamoja na wimbi dogo la mraba la karibu 229.7 Hz kwenye biti ya mwisho, kwa sampuli za 44.1 kHz. Jita huonekana kama miiba miwili sawa, mmoja kulia na mmoja kushoto kwa toni. Umbali wao ndio unaotaja mhalifu. Ikiwa ni 100 Hz, umeme wa osileta una mabaki ya mvumo. Ikiwa ni 8 kHz, ni mapigo ya USB, ambayo huja kila mikrosekunde 125, na kitenganishi au flip-flopu haifanyi kazi yake. Mwiba wa upande mmoja pekee si jita, ni kelele iliyopenya kwa njia nyingine.

Ukimaliza namba, sikiliza, lakini sikiliza kwa haki. Ukilinganisha na DAC nyingine, sawazisha volteji za matoleo kwa multimita kwenye toni ya 1 kHz hadi tofauti isizidi asilimia 1, kwani sikio huitafsiri sauti kubwa kidogo kuwa sauti bora. Na kwenye programu ya kuchezea muziki shusha sauti kwa 3 dB: nyimbo nyingi za siku hizi zimekandamizwa hadi kilele, na chujio la ndani ya chipu likijaza sampuli za katikati linaweza kuvuka kilele hicho na kukata wimbi.

Hifadhi grafu za siku hiyo kwenye faili lenye tarehe, na bandika karatasi yenye volteji zote ndani ya kifuniko. Miaka mitano ijayo kapasita za kuchuja zitakapoanza kuchoka, mstari wa 100 Hz utapanda kabla sikio lako halijashtuka, nawe utakuwa na kitu cha kulinganishia.